Mweke Mtoto Katikati ya Picha

Hongereni, vijana. Nasikia siku hizi kila mwenye simu ni dairekta. Sisi wengine tulibeba kamera nzito kama mtungi wa gesi mpaka bega moja likawa chini ya lingine, na bado watu walituita "huyo mama wa kupiga picha". Ninyi mnaamka asubuhi, mnaandika "Director" kando ya jina lenu mtandaoni, halafu ndio mnauliza kamera inawashwa wapi. Mungu azidi kuwabariki. Mimi nimestaafu, niko hapa mtaani Kawangware na kuku wangu, na kwa kuwa kuku hawapendi kusikiza hadithi za kazi, mtanisikiza ninyi.

Mmeniuliza video ya muziki inapangwaje, na lokesheni inachaguliwaje. Nilidhani mnajua. Si ni kukodisha Subaru, kuwasha moshi na kusimamisha wasichana kando ya ukuta uliochorwachorwa? Basi, kwa wale ambao Subaru imewakosa, nitawaambia kuhusu Brayo na Atieno.

Lakini kabla yao alikuwa Mzee Kilonzo, aliyenifundisha hii kazi. Alikuwa mtu wa Machakos kama wazazi wangu, na studio yake ilikuwa chumba kimoja hapa Kawangware nyuma ya bucha. Mzee Kilonzo alipenda mwanga kuliko alivyopenda chakula. Siku moja kwenye harusi, alikataa mahali ambapo familia ilipanga maharusi wasimame, akawahamisha mpaka kando ya ukuta fulani ambapo jua lilikuwa laini kama siagi. Na kweli, bibi harusi aling'aa. Kitu ambacho Mzee hakuuliza ni nini kilichokuwa nyuma ya ukuta. Kilikuwa kinu cha kusaga unga. Mchungaji alipomgeukia bwana harusi na kumuuliza kama anamkubali huyu dada, mwenye kinu akawasha mashine. Mpaka leo kwenye kanda hiyo mchungaji anauliza, bwana harusi anafungua mdomo, na mashine ndiyo inajibu. Baba wa bibi harusi alikuja studio akiwa amefura. Mzee Kilonzo akamsikiza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Lakini mwanga si umeuona?"

Baada ya hapo alikuwa akinipeleka mahali na kuniambia, "Mwende, funga macho kwanza. Sikiza. Ukishajua nani anapiga kelele hapa na saa ngapi, ndio ufungue uangalie uzuri." Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi. Watu hudhani ninaomba.

Sasa, Brayo. Nilikuwa nimemfundisha katika chuo kidogo cha filamu hapa mtaani, miaka yangu ya mwisho kabla ya kuachia wengine chaki. Kijana mwerevu, mwenye mikono mizuri ya kamera, na kichwa kilichojaa video za watu wengine. Mimi nilikuwa nimeshatoka chuoni aliponijia nyumbani na mwenzake Atieno. Walikuwa wanamaliza masomo na kazi yao ya mwisho ilikuwa video ya muziki. Atieno angeimba, Brayo angeongoza. Mwalimu wao aliwaambia watafute mtu wa kuwashauri, na nadhani watu wote wenye akili walikuwa wameshakataa.

"Sasa Madam," Brayo alisema, akikaa kabla sijamkaribisha. Akafungua laptop. "Cheki hii plan. Tunaanza na droni. Inapanda juu ya Kibera, mabati yote yale, kutu, moshi, watu wafeel struggle. Halafu tunakata mpaka Karen, kwa matajiri. Keja kubwa, swimming pool. Subaru inaingia na drift."

"Wimbo unahusu nini?" nikauliza.

"Shosho ya Atieno. Ni vile alimlea, anamshukuru."

"Na huyo nyanya yake ndiye anaendesha Subaru?"

"Zii, Madam. Subaru ni ya vibe."

"Ahaa. Na swimming pool?"

"Vibe pia."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayejifunza. Brayo amezaliwa na kulelewa Kawangware. Kibera alikuwa anaijua vizuri sana, kwa maana kwamba viatu vyake vyote vilitoka Soko la Toi, pale ukingoni mwa Kibera. Mpaka hapo tu. Kule ndani hakuwahi kuingia, lakini alikuwa tayari kuwaonyesha walimwengu shida za huko kutoka angani, ambako hazinuki.

Muda huo wote Atieno alikuwa kwenye ukingo wa kiti, ameshika chai bila kuinywa. Msichana mrefu, mpole, mwenye sauti ambayo ukiisikia unasahau ulichokuwa unataka kusema. Nikamgeukia. "Wewe mwenye wimbo, unataka nini?"

Akamwangalia Brayo, akaangalia chai. "Mimi nataka Dani aione."

Dani ni nyanya kwa Kijaluo. "Si ataiona tu," Brayo akasema. "Tutamtumia link."

"Haoni vizuri, Brayo. Nilikuambia." Akaweka kikombe chini. "Ni presha ya macho, Madam. Daktari alisema ile imeenda haiwezi kurudi. Hizi dawa za matone zinachelewesha tu. Saa hii anaona katikati pekee, kama mtu anachungulia kwa bomba. Na hiyo bomba inazidi kuwa ndogo."

Brayo akafunga laptop polepole. Alikuwa ameambiwa kweli, naye alikuwa amesikia, ila alidhani ni habari za familia. Hakujua ni habari za kamera.

Siku iliyofuata tulienda kwa huyo nyanya, Kibera. Niliwakataza kubeba kamera. Mkienda kuangalia lokesheni mara ya kwanza na kamera mkononi, mnaangalia kamera, hamwangalii lokesheni. Brayo alitembea mikono ikining'inia kama mtu aliyeporwa. Tukapitia Toi, nikanunua kitambaa cha kichwa cha manjano, manjano ya kukuamsha, tukaingia Kibera mpaka Kisumu Ndogo.

Nyanya yake Atieno, majirani wote wanamwita Nyar Alego, yaani binti wa kutoka Alego. Tulimkuta mlangoni kwake na sinia za omena, wale dagaa wa ziwani, anapimia mteja. Mkono wake ulikuwa unajua kila kitu kilipo. Ukimwona kwa mbali hungejua ana shida yoyote, mpaka nilipomsogelea kutoka upande na kumsalimia, akashtuka.

"Atieno, umeniletea nani? Watu wa kanisa ama watu wa kura?"

"Ni Madam wangu wa chuo, Dani. Na Brayo."

"Brayo wa Subaru?" akauliza.

Kumbe habari zilikuwa zimefika. Brayo akaanza kuchunguza omena kwa makini sana.

Nikaomba kiti, nikakaa mbele ya mama yule tukaongea mambo ya watu wazima, magoti na bei ya sukari. Kisha nikamwomba aangalie pua yangu bila kuhamisha macho, nami nikachukua kile kitambaa cha manjano nikakinyoosha upande wa kushoto, nikawa nakileta katikati polepole. Nilidhani atasema "nakiona" kikiwa mbali na uso wangu. Kitambaa kilisogea, kikasogea, mkono wangu ukawa karibu kugusa sikio langu, naye bado kimya. Atieno alikuwa anaangalia. Alikuwa anajua ugonjwa wa nyanya yake kwa maneno ya daktari, lakini hakuwa ameuona umepimwa kwa kitambaa.

"Hapo," Nyar Alego akasema. "Sasa naona. Ni ya manjano, sivyo? Maridadi."

Atieno akaingia ndani ya nyumba na kukaa huko kidogo.

Nami nikaingia, si kumbembeleza, bali kuiangalia TV. Vijana, hili hakuna anayewafundisha. Mnapanga shoti kana kwamba kila mtu atatazama kazi yenu kwenye jumba la sinema lenye viti vya kuegemea. Watu wanatazama kwenye TV iliyo juu ya kabati, dawa ya mende juu yake, mlango wazi na jua lote la mchana likigonga kioo. Ya Nyar Alego ilikuwa hivyohivyo, imeelekea mlango. Hata mimi mwenye macho mazima niliona sura yangu tu. Nikawaambia, "Kabla ya kupanga kamera itakaa wapi, tumeshajua TV itakaa wapi. Itahamia ukuta ule wa ndani."

Mngedhani baada ya hapo Brayo angekuwa ameelewa. Hapana, dairekta haelewi haraka hivyo, anaweza kuharibu jina. Aliniomba ajaribu kwanza shoti moja ya simu kule Laini Saba, humohumo Kibera, kwenye reli. Nikamruhusu. Na niseme ukweli, alipiga kitu kizuri. Jua la asubuhi, reli inakimbia mpaka mwisho wa macho, vibanda vinafunguliwa, fundi mmoja anachomelea mlango, cheche zinaruka, na Atieno amesimama mdogo upande wa kushoto wa picha, anaimba na upepo kwenye gauni. Alifuata kanuni ya theluthi, ile mnayoikariri kama Baba Yetu: usiweke mtu katikati, mweke pembeni kwenye theluthi, picha ipumue. Picha ilipumua kweli.

Tukafunga mlango, tukaichomeka kwenye TV ya Nyar Alego. Akavuta kiti karibu, akatazama.

"Naona reli," akasema. "Naona mabati. Naona mtu anachomelea." Akangoja. "Atieno yuko wapi?"

"Yuko hapo, Dani," Brayo akasema, akienda kugusa kioo kwa kidole. "Hapa, upande wa kushoto."

"Kushoto kwangu kulishaenda, mtoto wangu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuambia basi limeshaondoka. Brayo akabaki na kidole chake kwenye kioo. Baadaye nilimkuta nje amekaa kwenye jiwe, simu mkononi, anaiangalia ile shoti tena na tena.

"Madam, lakini hii shoti ni kali."

"Ni kali sana," nikamwambia. "Ni mtu mmoja tu hajaiona, na ndiye tunayemtengenezea."

Akaicheza mara moja ya mwisho. Kisha akabonyeza, akaifuta. Sikumwambia aifute. Angeweza kuiweka mtandaoni, akasifiwa na watu asiowajua. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumwita dairekta bila kucheka.

Tukapanga upya. Kila kitu katikati. Uso mkubwa, karibu, ujaze kioo. Mtu akisogea, asikatize kutoka upande hadi upande, aje mbele kuelekea kamera au arudi nyuma. Shoti ziwe ndefu, maana jicho linalotafuta linahitaji muda wa kufika. Hakuna kukatakata picha kama mtu anayekata sukuma wiki. Rangi inayopiga kelele, mbele ya ukuta usiopiga kelele. Brayo alisikiza yote akaguna.

"Madam, hiyo si video ya muziki. Hiyo ni picha ya kitambulisho."

"Basi piga kitambulisho ambacho polisi akikishika hatataka kukirudisha."

Lokesheni tuliipata karibu na kwa Nyar Alego tu. Kanisa dogo la mabati yaliyopakwa rangi ya samawati iliyofifia, na alasiri lilikuwa na kivuli kizuri, chepesi. Nikafunga macho pale uwanjani. Upande mmoja kwaya, upande mwingine baa yenye rumba ya kutikisa meno. Atieno akaniambia kwaya haina mazoezi katikati ya wiki, na mwenye baa hulala alasiri kwa sababu rumba yake mwenyewe humnyima usingizi. Tukaenda kuomba ruhusa kwa mchungaji. Ndiyo, kuomba. Najua siku hizi ruhusa ni kitu cha wazee, ninyi mnatokea tu na taa na kuwaambia watu wapishe. Mchungaji alikubali, akauliza kama kutakuwa na wasichana wa kucheza. Brayo akasema hapana. Sikuweza kusoma uso wa mchungaji, lakini haukuwa wa furaha tupu.

Siku ya kupiga, kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mwimbaji. Atieno alisimama mbele ya ukuta amevaa gauni jeupe, kitambaa cha manjano kichwani, wimbo ukaanza kwenye spika, akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Tukarudia. Akaimba kidogo, macho yakakimbia. Tukarudia tena. Brayo akaanza kutoa maelekezo, "fikiria nyanya yako, fikiria alivyokulea", na kila alivyozidi kusema ndivyo msichana alivyozidi kuganda. Mwishowe akajifunika uso.

"Siwezi kuimbia hiyo kioo, Brayo. Inaniangalia kama daktari."

Nilienda mwenyewe kumleta Nyar Alego. Alikataa kuacha biashara, kwa hiyo tukambeba yeye, kiti chake na sinia moja ya omena, tukamkalisha nyuma ya kamera, kichwa chake juu kidogo ya lenzi. Nikamwambia Atieno, "Sahau kamera. Mwimbie huyo."

Akaimba. Sijui niwaelezeje, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Aliimba kuhusu mkono uliomvalisha sare ya shule gizani stima zikiwa zimepotea, kuhusu mkono huo huo kunuka samaki kwenye mkutano wa wazazi na yeye kuona aibu, na sasa kutamani harufu hiyo imjie popote atakapokuwa. Nyanya yake hakuwa amewahi kuusikia wimbo huo. Katikati ya ubeti mteja akaja na sahani, akasema, "Nyar Alego, nipimie." Yule mama, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akapima omena bila kuugeuza uso wake kutoka kwa mjukuu. Brayo hakusimamisha kamera. Baadaye aliomba aipige mikono ile peke yake, karibu, katikati ya picha, omena zikimiminika kama fedha. Wazo lake mwenyewe. Nilikuwa nimechelewa kulifikiria.

Kazi ilipelekwa chuoni. Wenye kutahini waliisifu sauti, wakasikitika kuhusu picha. Mmoja wao alimuuliza Brayo kama hajawahi kufundishwa kanuni ya theluthi.

"Nilifundishwa," Brayo akajibu. "Aliyeimbiwa haoni theluthi. Anaona katikati."

Walimpa alama za kupita, si za kusherehekea. Kuna mwenzao aliyeleta Subaru, huyo alisherehekea.

Siku ya kumwonyesha Nyar Alego ilikuwa Jumapili baada ya ibada. TV ilikuwa imeshahamia ukuta wa ndani, pazia limefungwa, kiti kimesogezwa mpaka magoti yake yalikaribia kugusa kabati. Brayo alikuwa amepiga pasi shati. Atieno alisimama nyuma ya nyanya yake akiuma kucha. Wimbo ukaanza, uso ukajaza kioo, manjano yakawaka, naye mama yule hakusogea. Hakulia, hakutabasamu. Alitazama kama mtu anayehesabu chenji. Wimbo ukaisha.

"Atieno," Nyar Alego akasema.

"Ndiyo, Dani."

"Petikoti yako inaonekana. Hapa begani. Ulitoka hivyo nyumbani kwangu, ukasimama mbele ya kanisa, petikoti inaonekana?"

Brayo alirukia TV, akarudisha nyuma, akasimamisha. Kweli. Kamba nyembamba ya petikoti, begani. Yeye alikuwa ameihariri video hiyo mpaka anaiota, mimi nimeipitia, watahini wameipitia na kalamu zao, na hakuna hata mmoja aliyeiona. Atieno akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, akamkumbatia nyanya yake kwa nyuma, na Brayo akapiga makofi peke yake kama mwendawazimu. Mama yule alitushangaa. "Mnafurahia petikoti?" akauliza. Kisha akasema, "Weka tena. Na wewe acha kunikaba, unanizuia kuona."

Mvua za mwaka uliofuata hazikuwa zimeisha macho ya Nyar Alego yalipofunga kabisa, asione tena hata katikati. Atieno bado anaimba, harusini na kanisani na popote anapoitwa. Brayo anapiga video za watu wenye Subaru, kwa sababu hata yeye lazima ale. Mimi huenda Kisumu Ndogo mara kwa mara kununua omena, na kukaa.

Mara ya mwisho nilipoenda, wimbo ulikuwa unaendelea kwenye TV, pazia limefungwa. Jirani mmoja aliingia kuazima jiko, akasimama katikati ya chumba, akaanza kutueleza mambo marefu ya mwenye nyumba wake. Nyar Alego alimsikiza kwa adabu kidogo, kisha akanyoosha mkono, akamgusa kiunoni na kumsukuma taratibu pembeni.

"Toka hapo mbele ya TV, mama," akasema. "Nataka kumwona mtoto wangu."